Waliofungua: Sifuri

Mimi ndiye niliyetunga ile kanuni. Naanza na hilo usije ukadhani nasimulia makosa ya watu wengine. Mwezi wa tano, mbele ya kamati nzima, nilisimama nikasema kwamba mwanachama asiyefungua barua zetu tatu mfululizo afutwe kwenye orodha, nafasi yake apewe mtu anayeihitaji. Walinipigia makofi. Mkurugenzi wetu, Bwana Musyimi, alisema hiyo ndiyo akili ya kisasa, nami nikaketi nikijiona mtu mkubwa.

Naitwa Mutanu. Nimezaliwa Kalamba na kazi yangu iko hapa Mukuyuni, kwenye Ushirika wa Mbegu. Tuna wanachama mia sita na kumi na wanne, wa Makueni na wa Kitui, na kila msimu tunawagawia mbegu zinazohimili jua: ndengu, kunde, mtama. Katikati ya misimu, kila baada ya wiki mbili, nawatumia wote barua pepe moja kwa mpigo. Utabiri wa mvua, wadudu, tarehe za kupanda, mambo kama hayo. Ujumbe wa simu ungetosha kabisa, lakini wafadhili waliukataa. Walitaka barua pepe kwa sababu barua pepe inajua kuchungulia.

Inachungulia hivi. Chini kabisa ya kila barua naweka picha ndogo kuliko punje ya wimbi, haina rangi, macho ya binadamu hayaioni. Ukifungua barua, picha hiyo inaitwa kutoka kwa mashine yetu, na mashine inaandika: fulani amefungua, siku hii, saa hii, kwa simu au kwa kompyuta. Ukibonyeza kitufe cha kumtumia mwenzako, hilo nalo linaandikwa. Asubuhi nikifika ofisini nakuta ukurasa umenipangia kila kitu. Waliofungua, idadi. Waliosambaza, idadi. Niliupenda ukurasa ule, sitakudanganya. Nilikuwa naufungua kabla hata ya kuvua koti.

Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa tisa, Bwana Musyimi aliniita akataka orodha ya watu wa kufutwa. Kamati ingekutana Ijumaa kuidhinisha majina, na Jumamosi lori la mbegu lingeondoka kuwahi mvua za mwezi wa kumi. Niliichapisha kwa dakika moja. Kisha nikaanza kuisoma. Kikundi cha Nuu kilikuwemo chote, wanawake thelathini na wanane, hakusazwa hata mmoja.

Nuu ni kule Mwingi, nchi kavu kweli kweli. Mwezi wa tatu nilienda kuwaandikisha, na mwenyekiti wao, Mama Kathini, hakunizungusha. Aliniambia mvua iliwanyima msimu uliopita, mbegu ya akiba wakaipika wakala, na mkono wetu ndio uliobaki. Tuliwapa mbegu. Msimu huo nao ukawa mbaya, wakavuna majani. Sasa bila lori la Jumamosi hawangekuwa na kitu cha kutia ardhini, na karatasi ya kuwanyima ilikuwa mkononi mwangu, ikiwa na joto la mashine.

Nikampigia Mama Kathini. Mteja hapatikani. Nikawapigia wengine kumi na wawili. Hakuna. Kule mtandao unapatikana ukipanda kilima, na simu nyingi zinakaa bila chaji mpaka mtu aende sokoni. Nikarudi kwenye ukurasa wangu, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano nikautazama kwa hasira.

Tulikuwa tumetuma barua tisa. Kila barua, Nuu nzima, ilikuwa imefunguliwa na mtu mmoja tu. Waliosambaza, sifuri, mara zote tisa. Kwa mashine hiyo ni aibu, na kwa kanuni yangu hiyo ni kufutwa. Lakini aliyefungua hakuwa yule yule. Barua ya kwanza ilifunguliwa na Nthenya, ambaye ni namba moja kwenye orodha yao. Ya pili ikafunguliwa na namba mbili. Ya tatu, namba tatu. Nikateremsha kidole kwenye kioo cha kompyuta mpaka ya tisa, na namba tisa ndiye aliyeifungua. Kila mara ilikuwa Alhamisi, kati ya saa tano na saa sita.

Huo mpangilio naujua. Nimeulimia. Mama yangu kule Kalamba yuko kwenye mwethya tangu sijazaliwa, na kama hujui mwethya ni kitu gani, ni wanawake wanaofanya kazi kwa zamu. Leo wote wanachimba mitaro kwa Nthenya, wiki ijayo kwa jirani yake, na hakuna anayerukwa wala anayefanyiwa mara mbili mpaka zamu izunguke yote. Wanawake wa Nuu walikuwa wameiingiza barua yangu kwenye mwethya. Mmoja anaenda sokoni Alhamisi, anaifungua yake, anawarudishia wenzake habari. Kwa nini watu thelathini na wanane watembee kwenda kusoma kitu kimoja? Ukiwauliza wao, watakuona wewe ndiye huna akili.

Nilikimbia hadi kwa Bwana Musyimi nikamweleza, maneno yakinitoka yakisukumana. Alinisikiliza vizuri. Yeye si mtu mbaya, na naomba ulikumbuke hilo. Kisha akavaa miwani, akanyoosha kidole kwenye karatasi niliyomletea.

"Hii safu ya mwisho ni nini?"

"Ni chombo walichotumia kufungulia."

"Na mbona ni kompyuta ile ile mara zote tisa?"

Nilijua ni kwa nini. Nuu ilikuwa na kompyuta moja ya kulipia, kwenye duka la binti anayeitwa Naila pale sokoni, na yeye ndiye aliyewatengenezea wote imeili zao siku ya kuwaandikisha. Nikamwambia.

"Mutanu," alisema polepole, "watu tisa, kompyuta moja, siku moja, saa moja, kwa kufuata orodha. Unajua hiyo inaitwaje? Hawa ni wanachama hewa. Mtu mmoja amekaa mahali anabonyeza majina."

Mwaka juzi, kabla sijaajiriwa, jamaa mmoja alijifanya kikundi cha watu ishirini kwa laini ishirini za simu, akabeba mbegu akaziuza. Bwana Musyimi ndiye aliyemsainia. Tangu hapo hakuna anachokiogopa kama jina lisilo na mtu. Nami nilikuwa nimeingia ofisini mwake na watu wa kusahaulika, nikatoka na watu wa kushtakiwa.

"Niruhusu niende Nuu kesho," nikasema. "Nitakuletea hao watu."

"Na orodha za vikundi vingine atamaliza nani? Kaa hapa. Una mpaka Ijumaa. Mashine ikinionyesha kwamba Nuu wamefungua, watu wengi, vyombo tofauti, nitakusikiliza. Isiponionyesha, wafutwe, na jambo liishie hapo."

Nilitoka nimevimba. Nilikasirika naye, nikamkasirikia Naila, nikajikasirikia mimi zaidi. Nilikunywa maji glasi mbili nikiwa nimesimama. Halafu nikaamua kwamba Nuu haitafutwa kwa kanuni yangu mimi nikiwa hai na nimeketi kwenye kiti hiki, hata wakinitoa kwenye kiti chenyewe.

Jumanne asubuhi niliandika barua ya kumi na kuituma kwa Nuu peke yake. Nakumbuka kila neno.

"Kwa kila mama wa kikundi cha Nuu. Mimi ni Mutanu wa Mukuyuni. Mimi ndiye niliyesema asiyefungua barua afutwe, na sasa majina yenu yote yako kwenye karatasi ya kufutwa, hamtapewa mbegu. Nadhani mnasoma kwa zamu, na nadhani nilikosea. Ijumaa saa nne kamili, kila aliyesikia barua hii apige nambari iliyo hapa chini, ilie mara moja, akate. Msimalize kredo yenu. Tutawapigia sisi."

Nambari niliyoweka hapo chini ilikuwa ya Bwana Musyimi. Sikumwomba ruhusa. Ningemwomba angekataa, na laini yangu mimi angesema nimeipangia watu.

Kisha nikasubiri, na kusubiri si kazi ninayoiweza. Jumanne sifuri. Jumatano sifuri, lakini hiyo niliitarajia. Alhamisi nilifika ofisini kabla ya mlinzi kufungua geti. Zamu ilikuwa ya namba kumi, mama anayeitwa Kavata. Saa tano ilifika. Nilikuwa nabonyeza ukurasa ule ujipange upya, nabonyeza tena, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Saa sita ikafika. Saa saba nikampigia Kavata, hapatikani, na nambari ya Naila sikuwa nayo. Saa kumi na moja ofisi ikafungwa na ukurasa ukaniambia kile kile ulichoniambia asubuhi. Waliofungua, sifuri. Waliosambaza, sifuri.

Nyumbani nilimwambia mume wangu kwamba huenda kesho nikarudi bila kazi. Akauliza ni kwa sababu ya watu ninaowajua? Nikasema nimewaona siku moja tu. Alinisogezea sahani ya isyo, akasema basi kula, mtu hafukuzwi kazi na njaa juu. Nilikula. Isyo ya mahindi na kunde hainishindi hata nikiwa na huzuni.

Ijumaa kamati iliketi saa tatu na nusu. Tulikuwa watano, na mwenyekiti ni Mwalimu Ndeti, mzee aliyestaafu ualimu na ambaye bado anamtazama kila mtu kana kwamba hajamaliza kazi ya ziada. Alifungua kikao kwa maombi. Mwalimu haombi kwa kifupi. Aliombea mvua, akaombea kaunti zote mbili, akamwombea dereva wa lori, na kupitia dirishani tulimsikia dereva huyo akiwaambia wapakiaji wapange magunia vizuri, maana walikuwa wameanza kupakia mapema.

Tukafika Nuu. Bwana Musyimi aliweka simu yake mezani, akachukua karatasi yangu, akaisoma kwa sauti ya mtu ambaye angependa iwe tofauti.

"Mutanu aliwaandikia barua maalumu Jumanne. Waliofungua, sifuri. Waliosambaza, sifuri. Mwenyekiti, mimi nilitaka kuwaamini. Napendekeza wafutwe."

"Mutanu, una la kusema?" Mwalimu Ndeti akaniuliza.

Nilisimama. "Nina la kusema, Mwalimu, lakini naomba tungoje saa nne ifike."

"Saa nne kuna nini?"

Kabla sijajibu, simu ya Bwana Musyimi ililia. Ikalia mara moja, ikakatika. Aliitazama, akairudisha mezani. Ikalia tena, ikakatika. Nambari nyingine. Halafu ikalia, ikakatika, ikalia, ikakatika, ikawa inatembea yenyewe juu ya meza kwa kutetemeka. Saa ya ukutani ilionyesha bado dakika mbili. Nuu hawakutaka kuchelewa.

"Hii ni nini?" Bwana Musyimi aliuliza. "Nani amewapa watu nambari yangu?"

"Ni mimi," nikasema. "Hiyo ni Nuu inafungua barua."

Nikawasomea barua niliyoandika, yote, pamoja na pale niliposema nilikosea. Hakuna aliyecheka. Simu ilikuwa ikiendelea kulia na kukatika. Bwana Musyimi akaniambia laini ishirini zilimdanganya mwaka juzi, na kwamba mtu mmoja mwenye begi la laini anaweza kupiga hivyo mpaka jioni. Alikuwa na haki ya kusema hivyo.

Mwalimu Ndeti alivuta simu ya ofisi karibu yake. "Nipe orodha yao," aliniambia, "na kalamu nyekundu."

Akaitazama simu ya Bwana Musyimi, akaipiga nambari iliyolia kwanza, akaweka sauti ya nje.

"Wewe ni nani?" akauliza.

"Mimi ni Nthenya. Na wewe ni nani?"

"Mimi ni Mwalimu Ndeti, mwenyekiti wa ushirika."

"Haya, Mwalimu. Nimeitika."

"Barua ilisema nini?"

"Ilisema Mutanu alikosea."

Hapo ndipo walipocheka, na mimi nikacheka nao, maana ningefanya nini. Mwalimu akatia alama nyekundu kwenye jina la Nthenya. Akapiga ya pili, ya tatu. Alikuwa akiita majina kama asubuhi ya shule, na wao wakiitika. Mmoja alikuwa na mtoto anayelia mgongoni. Mwingine alikuwa na sauti nzito akasema ana mafua, tusimdhanie mwanamume. Kwenye nambari moja walikuwa watatu, wakapokezana simu, na wa tatu akataka kujua kama mbegu ya mtama itakuja au ni ndengu tu. Kila mmoja Mwalimu alimwuliza barua ilisema nini, na kila mmoja alisema maneno yale yale, mpaka mahali pa kupumua.

"Mtu anaweza kubadilisha sauti," Bwana Musyimi alisema, lakini alisema polepole.

"Musyimi, nimefundisha miaka thelathini na miwili," Mwalimu Ndeti alimjibu bila kuinua kichwa. "Mtoto akimwitikia mwenzake aliyetoroka, namjua kabla hajafunga mdomo. Hawa ni watu."

Ilichukua muda mrefu. Chai ilipoa. Mwalimu alipoweka kalamu chini, alama zilikuwa thelathini na saba. Jina lililobaki lilikuwa la mwisho kwenye orodha, Mama Kathini, ambaye alijiandikisha baada ya kuhakikisha kila mtu wake ameandikwa. Kumkosa mwenyekiti wao kulikuwa sawa na kukosa nusu ya kikundi.

Simu ya Bwana Musyimi ikalia tena. Safari hii haikukatika. Ililia ikaendelea kulia, na sote tukaelewa kwamba huyo mtu amekusudia kutumia kredo yake.

"Ipokee," Mwalimu alisema.

Bwana Musyimi akaipokea, akaweka sauti ya nje, akasema jina lake.

"Bwana Musyimi, habari ya huko. Mimi ni Kathini wa Nuu. Mutanu yuko hapo?"

"Niko, Mwaitu," nikasema. Kwetu mwanamke wa rika lake unamwita mama, na siku hiyo nilimaanisha.

"Mwanangu, umetuhesabu ukaridhika?"

"Nimeridhika. Lakini mashine inasema hamkufungua. Jana nimekaa hapa siku nzima."

"Jana stima haikuwepo Nuu. Kompyuta ya Naila imelala. Aliisoma barua kwa simu yake, na simu hiyo ameizima picha zisije zikamla bando. Kavata alikuwa kwa zamu. Kavata hajui kusoma, kwa hiyo Naila alimsomea mara tatu, akaibeba kichwani. Mchana tulikuwa tunachimba mitaro kwa Wavinya, akatusomea hapo. Leo tumepanda kilimani na kila simu iliyobaki na chaji."

Picha alizozima Naila, moja ilikuwa ile punje yangu. Nilikuwa nimeweka hatima ya watu thelathini na wanane kwenye kitu ambacho mtu anakizima ili ahifadhi bando ya shilingi kumi. Nilitaka kuomba msamaha, lakini Mama Kathini alikuwa hajamaliza.

"Sasa nami nina swali," alisema. "Kwa mwethya mtu akikuita unaitika. Ninyi mmetuita mara tisa, nasi tumeitika mara tisa. Sisi tunasema, Naila anaandika, anatuma. Hatujapata jibu hata moja. Barua zetu zilifika?"

Mle ndani walinitazama mimi. Mwalimu Ndeti alinitazama zaidi ya wote.

"Mwaitu," nikasema, "chini ya kila barua niliandika kwamba msiijibu."

"Tuliona. Tukasema ni heshima yenu. Ni kama mgeni anayekuambia usihangaike na chai. Wewe utakaa bila kuweka maji motoni?"

Nilijua barua zile ziko wapi. Mwezi wa tano, nilipotengeneza anwani ya kutumia barua, ilikuja na sanduku lake la kupokelea. Niliweka neno la siri, nikafunga, na sikurudi tena. Kwa nini nirudi? Kazi yangu ilikuwa kuangalia nani ananifungua. Nikavuta kompyuta, nikaiunganisha na kile chombo kinachomulika ukutani, na mikono yangu ilikosea neno la siri mara mbili mbele ya kamati.

Sanduku likafunguka ukutani. Ndani yake mlikuwa na barua tisa, zote kutoka Nuu, zote kwa yale maandishi meusi mazito ambayo mashine huyatumia kwa barua ambayo haijaguswa. Wanachama wengine wote walikuwa wametii nilipowaambia wasijibu.

"Mutanu," Mwalimu Ndeti aliuliza, "ile kanuni inasema barua ngapi?"

"Tatu, Mwalimu."

"Na hapo ni ngapi?"

"Ni tisa."

Aliichukua ile karatasi ya kufutwa, akaikunja mara mbili, akaiweka chini ya kikombe chake cha chai. Kisha akamwambia Mama Kathini akate simu, akampigia kwa ile ya ofisi asimalizie kredo yake, na kuniambia mimi nisome. Kwa sauti, kuanzia ya kwanza, na wa Nuu wasikie kwamba zinasomwa.

Nikasoma. Barua ya kwanza ilikuwa ya shukrani na salamu za kanisa. Ya pili iliuliza dawa ya funza wa kunde. Kisha nikafika ya tatu.

"Ndengu za gunia lenye uzi mwekundu hazikuota. Tulizipanda siku moja na zile za uzi wa buluu, shamba moja, mvua moja. Za buluu zilitoka, jua likaziua baadaye. Za nyekundu hazikutoka kabisa kwa watu wote thelathini na wanane. Tumechimbua tukaona zimeoza ndani. Hatulalamiki. Tunasema tu msiwape watu wengine."

Sisi tulikuwa tumeandika kwenye ripoti kwamba Nuu ilipigwa na ukame. Niligeuka dirishani. Lori lilikuwa limejaa nusu, na kwenye mishono ya magunia ya chini niliona uzi mwekundu, safu baada ya safu, ya kwenda kwa watu mia sita na kumi na wanne. Bwana Musyimi aliuona wakati ule ule. Alinyanyuka, akatoka, na tukamsikia nje akiwaambia wapakiaji wateremshe, wateremshe yote, waanze na nyekundu. Alivua koti akashika gunia la kwanza mwenyewe.

Niliendelea kusoma. Nilitaka kulia na sikulia, kwa sababu nilikuwa na barua sita mbele yangu na watu wanasikiliza. Waliandika siku mvua iliponyesha na siku ilipokosa. Waliuliza mambo manne ambayo ningeyajibu kwa dakika tano. Kwenye ya saba waliuliza kama tumeudhika nao. Ya tisa ilikuwa fupi, ilisema tu kwamba wako na wanangoja. Nilipomaliza, nikasikia kwamba Mama Kathini hakuwa peke yake. Kulikuwa na watu wengi wakipumua karibu na simu hiyo, na mtoto yule wa mgongoni.

"Umemaliza?" Mama Kathini aliuliza.

"Nimemaliza, Mwaitu."

"Basi sasa mmefungua. Jibu letu la barua ya kumi litakuja Alhamisi stima ikirudi. Huko kwenu ni zamu ya nani kulisoma?"

Nilifungua mdomo kusema ni yangu. Bwana Musyimi alikuwa amesimama mlangoni, shati limejaa vumbi la magunia, akihema.

"Mwambie ni yangu," alisema.